Kitabu cha sala ndicho kiini cha mvutano wa Waepiskopali

OKTOBA 2025 ilileta matukio mawili makubwa katika Ushirika wa Kianglikana ulimwenguni, yakiwa yamepishana kwa majuma mawili tu.

Tarehe 3 ya mwezi huo, Sarah Mullally, aliyekuwa Askofu wa London, alitangazwa kuwa Askofu Mkuu mteule wa Canterbury, mwanamke wa kwanza kuteuliwa kukalia kiti hicho. Tarehe 16, vuguvugu la Gafcon, kupitia mwenyekiti wake, Askofu Mkuu Laurent Mbanda wa Rwanda, likatangaza kwamba halitambui tena mamlaka ya Canterbury wala vikao vinavyoitishwa kwa jina lake, na kwamba wenzi wake ndio Ushirika halisi wa Kianglikana ulimwenguni.

Wengi waliozipokea habari hizo walidhani ugomvi ulizaliwa siku hizo jijini London. Wengine walirudi nyuma hadi 2003, mwaka ambao Gene Robinson, kasisi aliyeishi waziwazi na mpenzi wa jinsia yake, aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa New Hampshire nchini Marekani. Hata hivyo, historia ya Kanisa la Episkopali la Marekani inaonyesha kwamba chimbuko liko mbali zaidi, na kwamba suala la ndoa ni tawi tu la mti wenye mizizi mirefu. Mizizi hiyo imo katika kitabu kinachoshikwa na waumini kila Jumapili: Kitabu cha Sala.

Kanisa la Episkopali ndilo tawi la Kianglikana nchini Marekani. Jina lake latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mwangalizi, yaani askofu. Halina Papa wa kutoa uamuzi wa mwisho. Vile vile halina ungamo refu la imani kama lile la Westminster walilo nalo Wapresbiteri, au lile la Augsburg la Walutheri. Anayetaka kujua Waepiskopali wanaamini nini kuhusu ubatizo, ndoa, ukasisi au kifo huambiwa akifungue Kitabu cha Sala aone wanavyosali. Wanazuoni wa kanisa wana kanuni ya kale isemayo kwamba sheria ya sala ndiyo sheria ya imani.

Kanuni hiyo ina matokeo mazito. Pale ambapo sala ndiyo imani, anayeshika kalamu ya kurekebisha ibada ameishika pia imani yenyewe. Ndiyo maana mambo ambayo kwa mtazamaji wa nje ni madogo, kama vile kasisi aangalie upande gani au bibi harusi aape kwa maneno yapi, yamewahi kuzigawanya parokia na kuwafikisha maaskofu mbele ya mahakama za kanisa.

Kanisa lililoanza kwa kutohoa

Vita vya uhuru wa Marekani vilipokwisha, Waanglikana wa nchi hiyo mpya walijikuta mayatima. Mkuu wa kanisa lao alikuwa Mfalme wa Uingereza, yule yule waliyempiga vita. Samuel Seabury wa Connecticut alipokwenda London kutafuta kuwekwa wakfu, sheria ilimtaka aape utiifu kwa mfalme, jambo ambalo raia wa Marekani hangeweza kulifanya. Akaelekea Scotland, na tarehe 14 Novemba 1784 maaskofu watatu wa Kanisa la Episkopali la huko wakamwekea mikono mjini Aberdeen.

Waskoti hao walimwomba jambo moja: aipime ibada yao ya Ekaristi na, akiiona njema, awashawishi wenzake kuipokea. Ibada hiyo ilikuwa na sala ya kumwomba Roho Mtakatifu ashukie mkate na divai, sala ambayo haimo katika kitabu cha Waingereza cha 1662. Kitabu cha kwanza cha Wamarekani kilipopitishwa mjini Philadelphia mwaka wa 1789, sala hiyo ilikuwamo. Kwa upande mwingine, Kanuni ya Imani ya Athanasio, iliyokuwa ikisomwa Uingereza kwa karne nyingi, iliachwa nje.

Dibaji ya kitabu hicho ilieleza kwamba Kanisa jipya halikukusudia kujitenga na Kanisa la Uingereza katika jambo lolote la msingi wa mafundisho, nidhamu au ibada. Sentensi hiyo iliacha swali ambalo halijajibiwa hadi leo. Jambo la msingi ni lipi, na nani mwenye haki ya kulitambua?

Jibu la Wamarekani kwa sehemu ya pili ya swali lilikuwa la kisiasa kama nchi yao. Waliunda Mkutano Mkuu wenye mabaraza mawili, moja la maaskofu na jingine la wajumbe, ambao ni makasisi na waumini wa kawaida. Mkutano huo hufanyika kila baada ya miaka mitatu, na badiliko lolote la Kitabu cha Sala lazima lipitishwe na mikutano miwili mfululizo. Anayeupenda mfumo huu husema unampa mkulima na mwalimu wa kawaida sauti katika mambo ya imani. Anayeutilia shaka huuliza ni tangu lini ukweli wa Mungu ukahesabiwa kwa kura.

Ubani, mishumaa na maana yake

Mgawanyiko wa kwanza mkubwa uliohusu ibada ulitokea 1873. George David Cummins, Askofu Msaidizi wa Kentucky, alikuwa amechoshwa na wimbi la makasisi waliorudisha mishumaa, ubani na mavazi yaliyowakumbusha watu Kanisa la Roma. Aidha, hakukubaliana na maneno ya ibada ya ubatizo yaliyotangaza kwamba mtoto akishabatizwa amezaliwa mara ya pili. Yeye na wafuasi wake wakaanzisha Kanisa la Episkopali la Matengenezo, ambalo lingali lipo.

Kwa nini mtu aache kanisa kwa sababu ya ubani? Jibu ni kwamba vitendo vya ibada husema. Kasisi akiielekea madhabahu na kuinua mkate juu, anatangaza kwamba hapo panatolewa sadaka na Kristo yupo kweli katika mkate huo. Akisimama kwa kanzu nyeupe sahili nyuma ya meza, anatangaza kwamba hiyo ni karamu ya ukumbusho na upokeaji wa neema kwa imani. Waepiskopali wa pande hizi mbili, wale wa ibada kuu na wale wa injili, walitumia kitabu kimoja huku kila upande ukikisoma kwa macho yake.

Afrika Mashariki inaifahamu hali hiyo. Wamishonari wa UMCA waliojenga kanisa kuu la Zanzibar walikuwa watu wa ubani na Misa. Wale wa CMS waliofanya kazi Mombasa na bara walikuwa watu wa mahubiri na ibada sahili. Mwaka wa 1913 tofauti hiyo ililipuka kule Kikuyu. Maaskofu wa Mombasa na Uganda walikutana na Wapresbiteri, Wamethodisti na wamishonari wengine kujadili muungano, kisha wakashiriki Meza ya Bwana katika kanisa la misheni ya Waskoti. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, akawashtaki wenzake hao kwa Askofu Mkuu wa Canterbury akidai wamefundisha uzushi, kwani wametenda kana kwamba kanisa laweza kuwa kanisa bila maaskofu. Habari za Kikuyu zilijaza magazeti ya Uingereza kwa miezi.

Jambo lililogombewa Kikuyu ndilo lililogombewa Kentucky. Je, uaskofu ni sehemu ya imani au ni utaratibu wa utawala tu? Kitabu cha Sala kiliwaruhusu wote wawili, Weston na washtakiwa wake, kuendelea kusali.

Kitabu cha 1979

Kitabu cha Wamarekani kilifanyiwa marekebisho 1892 na tena 1928. Toleo la 1928 liliondoa ahadi ya bibi harusi kumtii mumewe na likaingiza sala za kuwaombea marehemu. Yote mawili yalikuwa mabadiliko ya mafundisho, ijapokuwa yaliingia kwa sauti ya chini. Ajabu ni kwamba, nusu karne baadaye, kitabu hicho hicho kilikuwa bendera ya wahafidhina waliokataa kubadilishiwa sala.

Toleo lililoleta zogo ni lile la 1979, ambalo kura yake ya kwanza ilipigwa katika Mkutano Mkuu wa Minneapolis mwaka wa 1976. Liliweka ibada katika mitindo miwili, mmoja wa Kiingereza cha kale na mwingine wa lugha ya kisasa. Liliifanya Ekaristi kuwa ibada kuu ya kila Jumapili, ilhali katika parokia nyingi ibada ya kawaida ilikuwa sala ya asubuhi. Zile Ibara 39 za imani zilizotungwa Uingereza katika karne ya 16 zilihamishiwa nyuma ya kitabu, katika sehemu ya hati za kihistoria.

Wahafidhina waliona kuhamishwa huko kama kufukuzwa. Watetezi wa kitabu walijibu kwamba makasisi wa Marekani hawakuwahi kulazimishwa kuzitia sahihi Ibara hizo, kama walivyofanya wenzao wa Uingereza. Hivyo basi, walisema, kilichofanyika ni kukiri hali iliyokuwepo.

Hata hivyo, badiliko lililozaa matunda mengi zaidi lilikuwa Agano la Ubatizo. Baada ya kuikiri Imani ya Mitume, anayebatizwa na mkutano wote huulizwa maswali matano, la mwisho likiwa kama watatafuta haki na amani na kuiheshimu hadhi ya kila binadamu. Kwa kuwa maneno hayo hurudiwa katika kila ubatizo na katika sikukuu kubwa, kizazi kizima cha Waepiskopali kimelelewa nayo.

Upande wa wanamageuzi umejenga hoja juu ya msingi huo. Wanasema kwamba ikiwa wote waliobatizwa wana hadhi sawa na wameingizwa kikamilifu katika Mwili wa Kristo, hakuna sababu ya kumfungia mbatizwa yeyote mlango wa sakramenti nyingine, iwe ni ukasisi kwa mwanamke au ndoa kwa wapenzi wa jinsia moja. Kwao, Kanisa halikuiacha imani yake. Lilikuwa likifuata sala yake hadi mwisho wa maana yake.

Upande wa wahafidhina husema hoja hiyo imelipindua jengo juu chini. Ubatizo, wanasema, ni kufa na kufufuka pamoja na Kristo, na anayebatizwa ameitwa atubu na kugeuka. Ahadi ya kuheshimu watu ni tunda la imani hiyo. Ukiligeuza tunda kuwa mzizi, waongeza, Biblia haitakuwa na neno la kumkosoa mtu yeyote.

Hoja zote mbili ni za watu wanaoichukulia sala kwa uzito. Hapo ndipo ugumu wa mvutano huu ulipo.

Wanawake madhabahuni

Tarehe 29 Julai 1974, wanawake 11 walifanywa makasisi mjini Philadelphia na maaskofu wastaafu bila idhini ya Kanisa. Ule mkutano wa Minneapolis wa 1976, uliopiga kura ya kwanza ya kitabu kipya, ndio pia ulioruhusu rasmi wanawake kuwa makasisi. Kwa wapinzani, mambo hayo mawili yalikuwa jambo moja. Septemba 1977 wengi wao walikutana St. Louis na kutangaza kwamba wataendelea na Uanglikana wa zamani nje ya Kanisa la Episkopali. Makundi yaliyotokana na mkutano huo yaligawanyika tena na tena.

Mnamo 1989 Barbara Harris aliwekwa wakfu katika dayosisi ya Massachusetts na kuwa mwanamke wa kwanza kuwa askofu katika Ushirika wote wa Kianglikana. Mwaka wa 2006 Katharine Jefferts Schori alichaguliwa Askofu Kiongozi wa Kanisa zima, na hakuna mwanamke aliyekuwa ameongoza kanisa la kitaifa la Kianglikana kabla yake.

Nairobi yaingia

Kufikia wakati huo, uaskofu wa Robinson ulikuwa umekwisha kuugeuza ugomvi wa Wamarekani kuwa wa dunia nzima. Askofu Mkuu wa Kenya wakati huo, Benjamin Nzimbi, alikataa kumtambua, na uhusiano wa Kanisa la Kenya na lile la Marekani ukavunjika.

Parokia za Marekani zilizotaka kujitoa zilihitaji askofu wa kuziangalia, kwani Mwanglikana bila askofu ni kama kondoo asiye na zizi. Zilimtafuta Afrika. Tarehe 30 Agosti 2007, katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote jijini Nairobi, Nzimbi aliwaweka wakfu Wamarekani wawili, Bill Atwood na William Murdoch, wahudumie parokia za kwao zilizojiweka chini ya Kenya. Nigeria, Uganda na Rwanda zilikuwa na mipango kama hiyo.

Kitendo hicho kilikuwa na kejeli yake ya kihistoria. Seabury alivuka bahari mwaka wa 1784 kumtafuta askofu kwa wale ambao London haikuwataka. Miaka 223 baadaye, Wamarekani wengine walivuka bahari kwa haja ile ile, mara hii wakielekea kusini.

Mwaka uliofuata Kanisa la Kenya lilitangaza kwamba halingehudhuria mkutano wa maaskofu wote wa Kianglikana uitwao Lambeth. Badala yake, wahafidhina walikutana Yerusalemu na kuanzisha Gafcon. Tamko walilotoa huko linathibitisha kwamba kitabu hakikuwa pembeni. Lilizirudisha Ibara 39 mahali pa heshima, na likakitaja Kitabu cha Sala cha 1662 kuwa kipimo cha kweli cha ibada, kinachoweza kutafsiriwa na kulinganishwa na utamaduni wa kila mahali.

Mnamo 2009 parokia za Marekani zilizokuwa chini ya makanisa ya Afrika ziliungana na nyingine na kuunda Kanisa la Kianglikana la Amerika Kaskazini, lijulikanalo kwa ufupi kama ACNA.

Nani mwenye ufunguo wa mlango?

Waliojitoa walitaka kuondoka na majengo yao. Kanisa la Episkopali liliwazuia kwa kanuni iliyopitishwa 1979, isemayo kwamba parokia inashikilia mali yake kwa niaba ya dayosisi na Kanisa zima.

Mahakama hazikusema kwa sauti moja. Katika jimbo la Virginia, parokia ya Falls Church, iliyoanza enzi za ukoloni, ilikuwa imepiga kura ya kuondoka Desemba 2006. Mwaka wa 2013 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kwamba jengo ni mali ya Kanisa la Episkopali. Kule Texas mambo yalikwenda kinyume. Mahakama ya Juu ya huko iliamua 2020 kwamba mali ya dayosisi ya Fort Worth ni ya wale waliojitoa, na Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza rufani. Pande zote mbili zilitumia fedha nyingi kwa mawakili, na waumini waliozikwa pamoja kwa vizazi wakabaki na watoto wasiosali pamoja.

Ndani ya Kanisa la Episkopali lenyewe, mvutano ulirudi kwenye kitabu. Mkutano Mkuu wa 2015 uliidhinisha ibada za majaribio za ndoa ya wapenzi wa jinsia moja. Ule wa 2018 ukaamuru kwamba ibada hizo zipatikane katika kila dayosisi ya Marekani, hata pale ambapo askofu hazikubali. William Love, Askofu wa Albany, alizipiga marufuku katika dayosisi yake. Hoja yake ilikuwa kwamba Kitabu cha Sala cha 1979 chenyewe kinaieleza ndoa kuwa ya mume na mke, na kwamba azimio la mkutano mmoja haliwezi kukishinda kitabu. Mahakama ya kanisa ilimwona na hatia Oktoba 2020, naye akajiuzulu mwanzoni mwa 2021 na kujiunga na ACNA.

Kesi ya Love ilionyesha pengo ambalo halingeweza kuachwa hivyo. Mwaka wa 2024 mjini Louisville, Mkutano Mkuu ulipitisha kwa mara ya kwanza azimio la kuziingiza ibada hizo katika Kitabu cha Sala. Kura ya pili ni ya mkutano wa 2027. Ikipita, hoja ya askofu kama Love haitakuwa na pa kusimama.

Waliotoka hawajapumzika

Anayedhani kwamba kuondoka kulimaliza ubishi na awatazame waliotoka. ACNA ilitoa Kitabu chake cha Sala mwaka wa 2019, chenye lugha inayokaribia ile ya kale. Lakini katiba yake inaiachia kila dayosisi uamuzi kuhusu wanawake kuwa makasisi, na kanuni zake zinawakataza kuwa maaskofu. Fort Worth haiwakubali. Dayosisi nyingine zinao. Mwaka wa 2017 maaskofu wake walikiri kwamba hawaoni msingi wa kutosha wa Maandiko wa kuufanya ukasisi wa wanawake kuwa desturi ya wote, ila hawakuifuta ruhusa iliyopo. Wengine waliona njia zote hizo hazitoshi, wakaenda Roma kupitia mpango wa Papa Benedict XVI, ambao tangu 2012 una makao yake ya Marekani na umewaruhusu kubaki na sehemu ya sala zao za Kianglikana.

Idadi nayo haimpi yeyote ushindi. Kanisa la Episkopali lilikuwa na waumini zaidi ya milioni 3 katika miaka ya 1960. Sasa wamebaki takriban milioni 1.5. Wahafidhina huitumia takwimu hiyo kama hukumu ya Mungu. Lakini ACNA, baada ya miaka zaidi ya 15, haijafikisha waumini laki mbili, na makanisa ya kihafidhina kama la Wabaptisti wa Kusini nayo yamepungua. Wengi walioacha kitabu kimoja hawakuchukua kingine. Waliacha kwenda kanisani.

Kenya katikati

Katika ramani hii ya kambi mbili, Kanisa la Kianglikana la Kenya halikai vyema popote. Katika suala la ndoa liko pamoja na Gafcon, na halijawahi kutetereka. Katika suala la wanawake liko karibu zaidi na New York kuliko Abuja. Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini alimfanya mwanamke kasisi mapema, 1983. Mwaka wa 2021 Emily Onyango aliwekwa wakfu kuwa Askofu Msaidizi wa Bondo, na Rose Okeno akawa Askofu wa Butere, licha ya viongozi wa Gafcon kushauri awali kwamba wanachama wasubiri hadi pawepo maafikiano. Nigeria, mshirika mkubwa zaidi wa vuguvugu hilo, haijawakubali wanawake kuwa hata makasisi.

Kuhusu ibada, Kenya haikungoja ruhusa ya yeyote. Ibada yake ya Ekaristi ya 1989, iliyoandaliwa enzi za maaskofu kama David Gitari, iliacha njia ya 1662 katika mambo mengi. Baraka ya mwisho ilichukua desturi ya Waturkana wa kaskazini ya kufagia mabaya kwa mikono. Mkutano wote hupunga mikono kuelekea msalabani na kuyatupa huko matatizo yake. Kitabu kamili cha ibada mpya kilifuata 2002. Hakuna aliyeanzisha kanisa jingine kwa sababu ya baraka hiyo. Iliingia polepole, kwa lugha ambayo watu waliitambua kuwa yao, na bila kugusa yale waliyoyahesabu kuwa msingi.

Wapo watakaosema kwamba huo ndio mwongozo: badilisha vazi, usiguse mwili. Lakini historia ya Wamarekani inaonya kwamba mpaka kati ya vazi na mwili ndio unaogombewa. Neno moja la utii lililoondolewa katika harusi za 1928 lilionekana vazi tu. Vivyo hivyo, mwanamke madhabahuni kule Butere ni utaratibu kwa Mkenya, na ni uzushi kwa mshirika wake wa Gafcon huko Texas.

Tangazo la Oktoba 2025 linadai kwamba umoja mpya utajengwa juu ya Biblia peke yake. Dai hilo litapimwa mapema, kwa kuwa waliolitoa wanaisoma Biblia hiyo hiyo na kufika mahali tofauti kuhusu nani anaweza kuwa kasisi. Wasipokuwa na Canterbury wa kumlaumu, watalazimika kuamua wenyewe ni tofauti gani inavumilika na ni ipi inavunja ushirika, na ni kikao gani kitakachokuwa na mamlaka ya kusema hivyo. Kanisa la Episkopali limekuwa likilijibu swali hilo kwa kura tangu karne ya 18, na kila jibu limewaacha wengine nje ya mlango.

Kwa Waanglikana wa Kenya, wanaokadiriwa kuwa milioni 5, swali hilo si la Wamarekani tena. Siku ambayo wenzao watataka maaskofu wanawake wawe kipimo cha ushirika, sinodi za Kenya zitalazimika kuchagua kati ya marafiki wa ng'ambo na wachungaji waliowawekea mikono wenyewe.